Kwaya tano na usharika ulionyamaza: tupange vipi huduma ya muziki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mkoani Morogoro, na mwaka huu nimepewa uenyekiti wa kamati ya muziki. Tuna Kwaya Kuu, kwaya ya vijana, kwaya ya uinjilisti, kwaya ya akina mama na timu ya kusifu na kuabudu. Kila Jumapili wote wanataka kuimba, ibada inachukua zaidi ya saa tatu, na kila kikundi kina mwalimu wake, mfuko wake na vyombo vyake. Wakati huohuo nyimbo za kitabuni zinaimbwa na watu wachache wa mbele, wengine wanatazama tu. Wapo wanaosema tuvunje kwaya zote tubaki na moja. Wapo wanaosema shida ni vyombo, tununue kinanda kikubwa na spika mpya, na akiba kidogo tunayo. Tuanzie wapi?

JIBU: Amina, mama, na hongera kwa dhamana hiyo. Umetaja mambo mengi, lakini lililo zito umeliweka katikati ya barua kama la kupita tu: washarika wananyamaza. Anzia hapo. Urefu wa ibada, ugomvi wa nafasi, mifuko mitano na hamu ya vyombo vipya, yote hayo yanatokana na kusahau kwamba kwaya ya kwanza ya usharika wa Kilutheri ni watu wote walioketi kwenye mabenchi. Vikundi vyenu vitano vipo ili kwaya hiyo kubwa iimbe vizuri.

Mwishoni mwa mwaka 1523 Martin Luther alimwandikia rafiki yake Georg Spalatin akimwomba atunge zaburi kwa Kijerumani, akasisitiza maneno yawe mepesi, ya kila siku, ili watu wa kawaida waelewe wanachoimba. Kabla ya hapo uimbaji wa misa ulikuwa zaidi mikononi mwa makasisi na waimbaji waliofunzwa, tena kwa Kilatini. Mwaka 1524 vikaanza kuchapishwa vitabu vya nyimbo, kimojawapo kikiwa na nyimbo nane tu. Mwaka huohuo, huko Wittenberg, Ujerumani, mwanamuziki Johann Walter akatoa kitabu cha nyimbo zilizopangwa kwa sauti mbalimbali, na katika dibaji yake Luther akaeleza kuwa zimepangwa hivyo kwa ajili ya vijana, wapate kitu bora cha kuimba. Angalia mpangilio huo. Kitabu cha kwaya kilitoka katika siku zilezile za kuwarudishia watu uimbaji, na wanafunzi waliokiimba ndio waliobeba nyimbo hizo hadi masikioni mwa watu. Wala haikuwa kazi ya siku moja. Luther mwenyewe aliwahi kuwakemea watu wa Wittenberg akiwa mimbarani kwa sababu walizembea kujifunza nyimbo zilizoimbwa mbele yao kila siku. Kwa hiyo usikate tamaa ukiona watu wa Morogoro wanatazama tu.

Nianze na wale wanaotaka mvunje kwaya. Usikubali. Naelewa hoja yao, maana kwenye karatasi inaonekana rahisi: kwaya moja, mwalimu mmoja, mfuko mmoja. Lakini kwaya zetu si vikundi vya kuimba tu. Mwanakwaya akifiwa, kwaya ndiyo inayofika usiku uleule, inayochanga, inayopika, inayokesha na kuimba hadi mazishi. Akioa au akijifungua, ni hivyohivyo. Ndiyo maana kila kwaya ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina wake. Kijana aliyehamia Morogoro kutafuta kazi bila ndugu hata mmoja amepata kaka na dada katika kwaya ya vijana. Mkivunja hiyo mmevunja malezi, na waimbaji wengi hawatahamia kwenye kwaya yenu mpya. Watahama usharika, au watabaki nyumbani. Acheni kwaya ziwe kwaya. Kinachohitaji kubadilika ni kazi yake siku ya Jumapili.

Hesabu ni nyepesi. Vikundi vitano, kila kimoja nyimbo mbili, kila wimbo dakika tano au sita ukihesabu kutoka kwenye viti na kurudi: hapo umeshatumia karibu saa nzima, na msharika hajafungua mdomo. Wekeni zamu. Kila Jumapili kikundi kimoja kiwe ndicho cha kuongoza. Chenyewe ndicho kitakachoimba wimbo wake baada ya somo au mahubiri, kitakachoongoza nyimbo zote za kitabu, na kitakachoongoza liturgia: Bwana utuhurumie, Utukufu kwa Mungu juu, Mtakatifu, Mwanakondoo wa Mungu. Mkitenga siku saba au nane kwa kwaya zote pamoja (Krismasi, Matawi, Ijumaa Kuu, Pasaka, Pentekoste, Sikukuu ya Mavuno, Siku ya Matengenezo ya Kanisa), kila kikundi kitabaki na Jumapili tisa hivi kwa mwaka. Zinatosha kujiandaa vizuri, na si nyingi hadi watu wachoke.

Mtaulizwa: vikundi vinne visivyo na zamu vifanye nini? Waketi na watu. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo litakaloleta mabadiliko makubwa kuliko kitu chochote mtakachonunua. Waimbaji hamsini au sitini waliozoea kukaa pembeni kwa sare zao, watawanyike kwenye mabenchi, wawili hapa, watatu pale, hasa nyuma na karibu na milango ambako sauti huwa hafifu. Mama asiyejiamini akimsikia jirani yake akishika sauti ya kwanza bila woga, naye atafungua kinywa. Wanakwaya watalalamika mwanzoni, kwa kuwa wengine wamezoea kuonekana. Waelezeni kwa upendo, na mchungaji aliseme hadharani, ili isionekane ni adhabu.

Sasa tuje kwenye wimbo wenyewe wa kitabu, maana hapo ndipo pana kazi. Watu wengi hudhani washarika hawaimbi kwa sababu nyimbo zimepitwa na wakati. Mimi, katika sharika nilizofundisha za mjini na vijijini, sababu nilizozikuta mara nyingi ni za ufundi tu, na zinarekebishika.

Ya kwanza ni urefu wa sauti, yaani jinsi wimbo ulivyo juu au chini. Mtu asiye na mafunzo huimba kwa raha kuanzia C ya katikati ya kinanda hadi D ya oktava inayofuata, wanaume wakiwa oktava moja chini. Nyimbo nyingi za kale zimepangwa juu zaidi ya hapo kwa sababu ziliandikwa zikifikiria kwaya yenye sauti nne. Wimbo ukifika E au F mara kwa mara, wanaume wengi wataacha au watashuka oktava katikati ya mstari, na akina mama watu wazima watanyamaza. Mpiga kinanda ashushe wimbo toni moja au moja na nusu. Vinanda vya kisasa vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, ila akumbuke kukirudisha sifuri baada ya wimbo, la sivyo kwaya itaanza wimbo wake mahali pasipo pake.

Ya pili ni mwanzo wa wimbo. Mchungaji anataja namba, kinanda kinapiga kitu kirefu cha madoido ambacho hakuna anayejua kinaishia wapi, kisha watu wanaanza kwa vipande: wa mbele wametangulia, wa nyuma bado wanatafuta ukurasa. Tumieni utaratibu mmoja wakati wote. Kinanda kipige mstari wa mwisho wa wimbo, kwa mwendo uleule utakaoimbwa, kisimame pumzi moja, watu waingie. Baada ya miezi miwili watakuwa wanaingia pamoja bila kuonyeshwa.

Ya tatu inauma zaidi, nayo ni midundo ya kinanda inayojipiga yenyewe. Mpiga kinanda anawasha ngoma ya mashine, na mashine haipumui. Wimbo wa kitabu umejengwa kwa mistari. Mwisho wa kila mstari watu wanahitaji kuvuta pumzi. Mashine ikisonga mbele bila kusubiri, watu wanabaki nyuma nusu pigo, kisha pigo zima, na ubeti wa tatu unageuka kuwa mvutano kati ya kinanda na kanisa. Mwambie kijana wenu wa kinanda afanye zoezi hili: apige wimbo mzima huku yeye mwenyewe akiimba maneno, na pale anapovuta pumzi mkono wake nao uinuke. Azime ngoma ya mashine kwa nyimbo za kitabu. Mkihitaji mdundo, yupo mtu wenu wa ngoma na kayamba, na yeye ana masikio.

Kisha kuna kuimba kwa kupokezana, desturi ya Kilutheri ya tangu karne ya 16 ambayo inafaa kabisa kwa hali yenu. Wimbo wenye beti sita: wa kwanza wote, wa pili kwaya peke yake kwa sauti nne bila kinanda, wa tatu wote, wa nne wanaume, wa tano wanawake, wa sita wote wakiwa wamesimama na kinanda kikipigwa kwa sauti kamili. Kwaya inapata nafasi ya kuonyesha ufundi wake, watu wanapata pumziko na kusikia jinsi wimbo unavyokwenda, na hakuna aliyeongeza dakika hata moja kwenye ibada. Timu yenu ya kusifu inaweza kufanya hivyo kwa magitaa. Msiwaachie mapambio tu huku kitabu kikiwa cha wazee. Wapeni wimbo wa kitabu kila zamu yao inapofika.

Chagueni nyimbo 12 kwa mwaka, wimbo mmoja wa mwezi. Wimbo huo uimbwe kila Jumapili ya mwezi, ufundishwe Shule ya Jumapili na darasa la kipaimara, uimbwe kwenye ibada za nyumba kwa nyumba na kwenye mazoezi ya kwaya zote. Baada ya mwaka watoto watajua 12 kwa moyo, na baada ya miaka mitatu 36. Kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu kina hazina kubwa kuliko ile ambayo sharika nyingi zinaitumia. Mara nyingi tunazunguka kwenye nyimbo zilezile ishirini na tano.

Katika hizo 12, msisahau zilizozaliwa kwetu. Katika kitabu rasmi cha nyimbo cha makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani, wimbo namba 116 ni wa Pasaka uliotoka Tanzania: Mfurahini, Haleluya, maneno ya mchungaji Bernard Kyamanywa ya mwaka 1966, kwa tuni ya Kihaya. Waluteri wa Marekani nao wanao katika kitabu chao. Mmishenari Howard Olson, aliyefundisha katika chuo cha theolojia cha Makumira, alikusanya tuni za namna hiyo kutoka makabila mbalimbali na kuzipangia maneno ya ibada, na Wilson Niwagila wa Kagera alitunga nyimbo ambazo leo zinaimbwa mbali sana na Ziwa Victoria. Nyimbo hizi zina mwimbishaji na kiitikio. Msharika asiye na kitabu, asiyeona vizuri, au asiyejua kusoma, anashika kiitikio papo hapo na kuimba kwa sauti nzima. Kwa usharika ulionyamaza hizo ndizo za kuanzia, hasa kwenye Zaburi na wakati wa sadaka. Kama mna matarumbeta, au usharika jirani unayo, yaalikeni siku za sikukuu: upigaji wa tarumbeta tuliurithi kutoka kwa wamishenari wa Kijerumani, na mpaka leo, hasa Kilimanjaro, matarumbeta yanabeba tuni za kitabu hadi nje ya kanisa, kwenye misiba na maandamano, na kila mtu anaimba.

Ili haya yote yasiwe ya kubahatisha, kamati yako ikutane na mchungaji wiki sita kabla. Kalenda ya kanisa inatoa masomo na wazo kuu la kila Jumapili; wimbo wa kwaya na nyimbo za kitabu zichaguliwe kutoka hapo. Kwaya ikijua mapema kuwa Jumapili yake ya zamu inahusu Msamaria mwema, haitaimba wimbo wa harusi kwa sababu tu ndio iliorekodi. Majilio na Kwaresma ziheshimiwe: desturi ya Kilutheri ni kuweka kando Haleluya wakati wa Kwaresma, ili isikike upya asubuhi ya Pasaka. Kwaya zinazoimba kwa shangwe ileile wiki 52 zinawanyima watu furaha hiyo.

Kuhusu walimu wa kwaya. Mlio nao, nadhani, wanajitolea, wanakuja kwa nauli zao baada ya kazi, wanatunga usiku. Baraza la wazee liweke kifungu cha muziki kwenye bajeti ya usharika, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya nauli za walimu, nakala za nota na semina moja kwa mwaka. Leo mzigo huo unabebwa na wanakwaya wenyewe kwa michango ya sare, safari na vyombo, na nimeona waimbaji wazuri wakiacha kwa aibu ya kudaiwa. Mchagueni mmoja awe mratibu wa muziki wa usharika mzima, si bosi wa wenzake, bali mtu wa kuandaa zamu na kuongoza mazoezi ya pamoja mara moja kwa mwezi. Mpelekeni akasome. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinafundisha muziki, na ofisi ya dayosisi yenu itawaambia kuhusu semina za karibu. Walimu wengi wanafundisha kwa nota za do, re, mi, na ni vizuri waendelee. Ni njia inayohitaji ubao na chaki tu, na imewafundisha wakulima na mafundi kuimba sauti nne kwa usahihi. Mpiga kinanda ndiye anayehitaji kuongeza nota za mistari.

Mashindano ya kwaya ya jimbo na dayosisi yana faida, yanainua kiwango. Sharti moja tu: wimbo wa mashindano usile mazoezi yote ya nusu mwaka. Na kwa kuwa umetaja mifuko, neno fupi juu ya kurekodi: kabla ya kwaya yoyote kuingia studio, andikeni nani ametunga, nani amelipia, na mapato yatagawanywaje. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 mtunzi ana haki zake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiko kazi inakosajiliwa. Sharika zimegawanyika kwa sababu ya wimbo mmoja uliopendwa huku hakuna karatasi iliyosainiwa.

Nimalizie na vyombo. Msinunue spika kwanza. Jumapili ijayo simama katikati ya kanisa wakati wa wimbo wa kitabu: ukishindwa kumsikia mtu anayeimba karibu nawe, spika mlizo nazo zimezidi tayari. Mtu asiyejisikia wala kumsikia jirani huacha kuimba, hana haja ya kuendelea. Zipo programu za simu zinazopima kelele. Taasisi ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, inashauri kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na muda huo hupungua kwa nusu kila desibeli tatu zinapoongezeka, hivi kwamba kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Watoto wenu wa Shule ya Jumapili, ambao mara nyingi huketishwa mbele, wako karibu zaidi na spika kuliko mtu mwingine yeyote. Fundi mitambo ashushe sauti ya kinanda na ya vipaza sauti vya waimbishaji wakati watu wote wanaimba, aipandishe kwaya inapoimba peke yake.

Kinanda kinunuliwe, lakini kiwe kimoja cha usharika, chini ya kamati yako, na vikundi vyote vitano vikitumie. Chagueni chenye vibao vya ukubwa wa kawaida vinavyoitikia nguvu ya vidole, 61 vinatosha na 76 ni bora, chenye pedali ya kurefusha sauti na mlio mzuri wa ogani na piano. Mamia ya midundo iliyomo ndani yasiwashawishi mlipe zaidi. Tengeni sehemu ya akiba kwa betri ya kuhifadhi umeme, maana umeme ukikatika katikati ya ibada ndipo mtakapojua kama watu wanaimba au wanasubiri mashine. Kiasi kitakachobaki kilipie mafunzo ya kijana wa kinanda kwa mwaka mzima.

Kaa na mchungaji na walimu wote watano kabla hamjafikisha lolote kwenye baraza, na anzeni na zamu kwa miezi mitatu ya majaribio. Mkishapata orodha yenu ya nyimbo 12 nitumie, niiangalie funguo na mpangilio wa beti kabla hamjaanza kuifundisha.